Hodi Mtandaoni: Fomu ya Mawasiliano na Safari ya Ujumbe Wake

Fomu ya mawasiliano ni ule ukurasa mdogo wenye visanduku vya kujaza ambao mgeni wa tovuti huutumia kumwandikia mwenye tovuti: jina hapa, barua pepe pale, ujumbe chini yake, kisha kitufe cha kutuma. Kwa macho ni kazi ya nusu saa. Lakini fomu ina nusu mbili, na inayoonekana ni moja tu. Nusu ya kwanza ni visanduku vilivyo kwenye skrini ya mgeni. Ya pili ni njia ambayo ujumbe huipita baada ya kitufe kubonyezwa, hadi uingie kwenye kikasha cha barua pepe cha mtu atakayeujibu. Fomu nyingi zilizokufa zilifia kwenye nusu hiyo ya pili, tena kimyakimya: mgeni anaambiwa "Asante, tumepokea ujumbe wako," na hakuna aliyepokea kitu. Amepiga hodi kwenye mlango uliochorwa ukutani.

Mfano utakaofuatwa hapa ni wa nyumba ndogo ya wageni mjini Pangani, yenye vyumba 8, ambayo mwenyewe anataka watu waulizie nafasi kupitia tovuti.

Kwa nini fomu

Njia rahisi kuliko zote ni kuiandika anwani ya barua pepe waziwazi kwenye ukurasa. Njia hiyo ina kasoro zake. Zipo programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikiokota kila kitu chenye alama ya @, na anwani ikishaokotwa, barua taka hazikomi. Kisha kuna mgeni anayetumia kompyuta isiyo yake, kwa mfano ya intaneti kafe: akiibonyeza anwani hiyo hufunguka programu ya barua pepe ambayo haijawahi kusanidiwa, naye huishia hapo. Hata barua ikifika, mara nyingi huwa haikukamilika. Mtu huandika "Mna nafasi?" bila tarehe wala idadi ya watu, na siku mbili hupotea katika kuulizana.

Siku hizi biashara nyingi za Afrika Mashariki huweka kiungo cha WhatsApp, na kwa mazungumzo ya papo kwa papo hakuna kinachokishinda. Ila kiungo hicho humtaka mgeni awe na WhatsApp na akubali kuitoa namba yake, na maombi yote hukusanyika kwenye simu moja ambayo siku ikipotea hupotea nayo. Fomu huuliza kila mtu maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na majibu yake huhifadhika. Kwa nyumba ya wageni, fomu na kiungo cha WhatsApp hukaa vizuri kwenye ukurasa mmoja.

Zilikotoka

Kurasa za mwanzo za wavuti zilisomwa tu. Msomaji hakuwa na pa kuandika. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic, kilichotengenezwa katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, kilianza kuonyesha fomu za kujaza. Katika kituo hichohicho ukabuniwa utaratibu wa CGI, ulioiwezesha seva kuvikabidhi vilivyojazwa kwa programu nyingine ili vifanyiwe kazi. Novemba 1995 fomu ziliingia rasmi katika kanuni za HTML 2.0.

Mwaka huohuo Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliutoa hadharani mkusanyiko wa vifaa alivyovitengenezea ukurasa wake binafsi. Toleo lake la baadaye liliitwa PHP/FI, na herufi hizo mbili za mwisho zilimaanisha kitafsiri cha fomu. Kutoka hapo ilikua lugha ya PHP, ambayo hadi leo ndiyo inayopokea fomu za sehemu kubwa sana ya tovuti duniani.

Nusu inayoonekana

Fomu huandikwa kwa HTML, lugha ileile inayojenga kurasa. Elementi iitwayo "form" huifunika fomu nzima; ndani yake "input" huweka kisanduku cha mstari mmoja, "textarea" huweka kisanduku kipana cha ujumbe, na "button" huweka kitufe. Kila kisanduku hupewa jina la ndani ambalo mgeni halioni, kama vile "jina_kamili" au "tarehe_ya_kufika". Kisanduku kisicho na jina hilo hakisafiri: mgeni atakijaza, lakini kilichomo hakitatumwa.

Jambo la kuamua mapema ni idadi ya visanduku. Kila kimoja ni kazi anayotwishwa mgeni, naye huifanya kwa kidole gumba, kwenye kioo kidogo, pengine ndani ya daladala. Nyumba ya wageni ya Pangani inahitaji jina, njia ya kumjibu mtu, tarehe ya kufika na ya kuondoka, idadi ya wageni, na nafasi ya ujumbe. Haihitaji tarehe ya kuzaliwa, wala S.L.P., wala namba ya pasipoti; hayo yana wakati wake mapokezini. Kinacholazimishwa kiwe kile tu ambacho bila hicho jibu haliwezekani. Aliyejaza simu asikataliwe kwa kuacha barua pepe, kwani wapo wengi ambao simu yao haizimwi na barua pepe yao haifunguliwi.

Aina ya kisanduku nayo ina uzito. Kisanduku kikitajwa kuwa cha simu, simujanja huleta kibodi ya tarakimu; kikitajwa kuwa cha barua pepe, huleta kibodi yenye alama ya @ mahali pa wazi; cha tarehe hufungua kalenda, na hapo hakuna tena ubishi kama 3/4 ni Aprili au Machi. Kisanduku cha simu kisiwe kikali kupita kiasi. Namba ya Tanzania au Kenya huandikwa kwa tarakimu 10 zikianza na 0, au kwa +255 au +254 ikifuatiwa na tarakimu 9, na watu hutia nafasi au vistari katikati. Zote ni sahihi, na kuzinyoosha ni kazi ya kompyuta.

Majina hudai uangalifu zaidi. Fomu zilizonakiliwa kutoka Ulaya na Marekani hugawa jina katika la kwanza na la ukoo, na kulazimisha yote mawili. Mtanzania mwenye majina matatu hujiuliza la kati aliweke wapi. Kisanduku kimoja chenye lebo ya "Jina kamili" humtosha kila mtu.

Kisha kuna ritifaa, ile alama iliyomo katika ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, na katika majina kama Ng'ang'a, Nyong'o na Ng'wandu. Mtengenezaji aliyeandika kanuni kwamba jina ni herufi tupu atawarudisha watu hao wote akiwaambia kwamba majina yao yana makosa. Katika hifadhidata za SQL alama hiyohiyo hutumika kufungua na kufunga maneno, kwa hiyo fomu iliyojengwa hovyo huikuta katikati ya jina na kudhani maneno yamekwisha. Hapo jina huvunja amri, na fomu huporomoka. Ufa huohuo ndio unaotumiwa na wavamizi: badala ya jina huandika ritifaa ikifuatwa na amri yao ya kusoma au kufuta kumbukumbu. Dawa yake ni kuiandaa amri kwanza ikiwa na nafasi wazi, ndipo majibu ya mgeni yatiwe ndani ya nafasi hizo kama maneno matupu yasiyoweza kugeuka amri. Fomu inayompokea Ng'ang'a bila kutetereka kwa njia hiyo imeufunga pia mlango wa wizi. Katika kuijaribu inafaa kukumbuka kwamba alama hii huja kwa sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda, kulingana na kibodi ya simu.

Lebo ya kila kisanduku ikae juu yake na ibaki hapo. Mtindo wa kuandika maelezo kwa rangi hafifu ndani ya kisanduku chenyewe huonekana nadhifu, lakini maneno hayo hutoweka mtu anapoanza kuandika, na aliyekatishwa na simu akirudi hajui tena alichoulizwa. Kwa asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, lebo iliyofungamanishwa na kisanduku chake ndiyo humwambia yuko wapi. Ujumbe wa kosa nao uwe wa kibinadamu. "Barua pepe hii haina alama ya @" humsaidia mtu, lakini "Ingizo batili" humfukuza. Na kosa likionyeshwa, yale aliyokwisha kuandika yabaki. Hakuna anayeandika aya tatu mara mbili.

Baada ya kitufe

Kitufe kinapobonyezwa, kivinjari hukusanya majina ya visanduku na vilivyomo, kisha huvipeleka kwenye anwani iliyotajwa ndani ya fomu. Kuna njia mbili za kuvipeleka. Njia ya GET huvibandika kwenye anwani ya ukurasa, ambako vitabaki katika historia ya kivinjari na katika kumbukumbu za seva. Hiyo huwafaa watafutaji, kwa sababu matokeo ya utafutaji huweza kutumwa kwa mwingine kama kiungo. Njia ya POST huvibeba ndani ya ombi lenyewe, na ndiyo ya fomu ya mawasiliano. Hata hivyo POST peke yake haifichi kitu njiani. Kinachoficha ni HTTPS, utaratibu unaosimba mazungumzo kati ya kivinjari na seva. Tangu Oktoba 2017 kivinjari cha Chrome huonya mtu anapoanza kujaza fomu kwenye ukurasa usio na HTTPS. Gharama haiwi kisingizio tena, kwa kuwa Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo.

Seva ikipokea ujumbe hukagua upya kila kitu, hata kama kivinjari kilishakagua. Ukaguzi wa kwenye kivinjari ni wa kumsaidia mgeni mwema. Asiye mwema huuruka na kupeleka anachotaka moja kwa moja. Seva huangalia urefu, muundo, na hasa mistari mipya iliyofichwa ndani ya kisanduku cha jina au cha barua pepe. Vichwa vya barua pepe hutenganishwa kwa mistari, hivyo anayefaulu kupenyeza mstari wake huweza kuongeza wapokeaji mamia na kuigeuza fomu ya nyumba ya wageni kuwa posta ya matapeli.

Hatua inayofuata ndiyo inayoua fomu nyingi. Seva huandika barua pepe na kuituma kwa mwenye nyumba. Swali ni hili: barua hiyo ionekane imetoka kwa nani? Wengi huweka anwani ya mgeni, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyeandika. Zamani hilo lilipita, kwa sababu SMTP, utaratibu wa kusafirisha barua pepe ulioandikwa mwaka 1982, ulimwamini kila anayejitambulisha. Matapeli waliutumia mwanya huo hadi ukazibwa kwa kanuni tatu zinazosaidiana. SPF ni orodha iliyowekwa hadharani ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani, yaani lile jina linalofuata alama ya @. DKIM ni saini ya kidijitali inayobandikwa kwenye barua. DMARC ni agizo la mwenye kikoa kuhusu barua zisizokidhi masharti hayo: zipite, zitengwe, au zikataliwe.

Aprili 2014 kampuni ya Yahoo iliagiza barua zote zinazojidai kutoka yahoo.com bila kupita kwenye seva zake zikataliwe. Tangu hapo fomu nyingi duniani, zilizokuwa zikituma kwa anwani za wageni wao, zilianza kupoteza ujumbe wa kila mgeni mwenye anwani ya Yahoo. Februari 2024 Google na Yahoo zilikaza zaidi masharti kwa wanaotuma barua kwenye vikasha vyao. Kwa hiyo utaratibu sahihi ni huu: mtumaji awe anwani ya kikoa cha tovuti yenyewe, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya "Jibu kwa". Mwenye nyumba akibonyeza "Jibu", barua itamwendea mgeni, na ukaguzi utakuwa umepita salama.

Afadhali pia barua itumwe kupitia akaunti halisi ya SMTP yenye jina na nywila. Programu ya tovuti ikiachiwa itume yenyewe kutoka kwenye seva inayotumiwa kwa pamoja na tovuti nyingi, jirani mmoja mtuma taka huweza kuichafulia jina seva nzima, na barua za wote huishia kwenye folda ya taka. Zaidi ya hayo, kila ujumbe uhifadhiwe mahali pengine kabla ya kutumwa, ili barua ikipotea, ombi la mgeni lisipotee.

Njia tatu za kuiweka

Mwenye tovuti ya WordPress, mfumo ulioanza mwaka 2003, hahitaji kuandika msimbo. Huongeza programu-jalizi ya fomu, hupanga visanduku, kisha hubandika fomu kwenye ukurasa wa "Wasiliana nasi". Inayojulikana zaidi ni Contact Form 7 ya Mjapani Takayuki Miyoshi, iliyoanza mwaka 2007 na ambayo imewekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5. Yenyewe haihifadhi ujumbe, hutuma tu. Anayetaka nakala ibaki huongeza programu nyingine ya mtengenezaji huyohuyo iitwayo Flamingo. Programu-jalizi yoyote isasishwe kila toleo jipya linapotoka, maana iliyozeeka ndiyo mlango ambao wavamizi huujaribu kwanza.

Tovuti yenye kurasa tupu zisizo na programu ya seva hutumia huduma ya nje. Fomu huelekezwa kwa kampuni kama Formspree au Netlify, nayo hupokea, huchuja na kumpelekea mwenye tovuti barua. Fomu ya Google nayo huingia humohumo: ni ya bure, huandika majibu kwenye jedwali, ingawa sura yake haifanani na tovuti. Kinachobadilika ni kwamba taarifa za wageni sasa hupita na kukaa kwa mtu wa tatu, na huduma za bure mara nyingi huwa na kikomo cha ujumbe kwa mwezi.

Njia ya tatu ni kuandika programu ya kupokea kwa PHP, Python au lugha nyingine. Hiyo humpa fundi uhuru wote, pamoja na wajibu wote ulioelezwa hapo juu. Kwa kazi ya barua ni busara kutumia maktaba iliyokomaa kama PHPMailer kuliko kuunda vichwa vya barua kwa mkono.

Wageni wasioalikwa

Fomu ikishakuwa hewani, roboti za taka huigundua. Zamani programu ya FormMail, iliyopendwa sana miaka ya 1990, iliandika anwani ya mpokeaji ndani ya fomu yenyewe. Matapeli waliibadilisha anwani hiyo na kuzitumia seva za watu kusambaza matangazo. Fundisho lake bado ni hai: anwani ya mpokeaji ikae kwenye seva, mahali ambapo mgeni haigusi.

Ulinzi unaojulikana zaidi ni CAPTCHA, jaribio la kutofautisha mtu na mashine lililopewa jina hilo na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, akiwemo Luis von Ahn. Toleo lake la reCAPTCHA, lililonunuliwa na Google mwaka 2009, liliwapa watu maneno yaliyoshindikana kusomwa na kompyuta katika vitabu na magazeti ya zamani, hivyo kila aliyejibu alisaidia kuviingiza kwenye dijitali. Baadaye zikaja picha za taa za barabarani na kisanduku cha "Mimi si roboti". Jaribio hilo lina gharama: huongeza uzito wa ukurasa, hula bando la mgeni, na humsumbua asiyeona vizuri.

Kwa nyumba ya wageni, mtego mwepesi huenda ukatosha. Kisanduku cha ziada huwekwa kwenye fomu kisha hufichwa kwa macho. Binadamu hakioni, hivyo hukiacha kitupu. Roboti husoma msimbo, hukikuta na kukijaza, na seva huutupa ujumbe wake. Mtego wa pili ni saa: fomu iliyofunguliwa na kujazwa yote ndani ya sekunde mbili haikujazwa na mtu. Roboti zikishinda mitego yote miwili, ndipo CAPTCHA iletwe.

Taarifa za watu

Jina na namba ya simu ni taarifa binafsi, na kuzipokea huleta wajibu wa kisheria. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, Uganda mwaka huohuo, na Rwanda mwaka 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na kuunda Tume ya kuisimamia. Nyumba ya Pangani inayowatangazia huduma Wajerumani au Wafaransa huweza pia kuguswa na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data iliyoanza kutumika Mei 2018.

Misingi ya sheria hizi hufanana: taarifa ichukuliwe kwa lengo lililotajwa, isizidi inayohitajika, ilindwe, na isikae milele. Kwenye fomu hilo huwa sentensi moja chini ya visanduku, ikieleza kwamba taarifa zitatumika kujibu ombi hilo tu na zitafutwa baada ya muda uliotajwa. Kama kuna nia ya kutuma matangazo, kiwekwe kisanduku tofauti cha kutia tiki, na kisiwe kimetiwa tiki tayari. Namba za kadi za benki zisiulizwe kamwe kwenye fomu ya aina hii.

Kuijaribu na kuitunza

Kabla ya kutangazwa, fomu ijaribiwe kwa simu ya bei nafuu yenye mtandao wa kusuasua. Hapo ndipo huonekana kwamba mtu asiyeona dalili yoyote hubonyeza kitufe mara nne na kutuma maombi manne. Kitufe kizimwe baada ya mbonyezo wa kwanza, kiandike "Inatuma...", na ujumbe ukipokelewa mgeni apelekwe kwenye ukurasa tofauti wa shukrani, ili akiuburudisha asitume tena. Ukurasa huo umwambie jibu litakuja lini, na umpe namba ya simu ya kutumia likichelewa.

Majaribio yafanywe kwa anwani za Gmail, Yahoo na Outlook, kwa jina lenye ritifaa, kwa ujumbe mrefu na kwa tarehe iliyopita. Folda ya taka ifunguliwe pia. Baada ya hapo jaribio moja kutoka nje lifanywe kila mwezi, na kila mara tovuti inapohamishwa seva, nywila ya barua pepe inapobadilishwa, au mfanyakazi aliyekuwa akipokea ujumbe anapoondoka. Barua ya jaribio ikifika kwa mhusika, naye akaijibu, na jibu likamfikia aliyejifanya mgeni, fomu imekamilika nusu zote mbili.